Seti ya koili za kurudishia thredi kwenye injini: uzoefu wangu

Nimetumia seti ya koili za mtindo wa Helicoil, yaani waya uliojiviringisha unaowekwa ndani ya tundu ili kuwa thredi mpya, kwenye tundu la bolti ya M8 (unene wa milimita 8) inayoshika bracketi ya oltaneta. Bloku ni la alumini, na thredi zake, yaani meno ya ndani yanayoishika bolti, zilikuwa zimekufa kabisa. Bolti iliingia ikazunguka bure, na nilipoitoa ilikuja na unyuzi wa alumini umejiviringisha kwenye meno yake. Fundi aliyeifunga mara ya mwisho aliikaza kwa nguvu zake zote bila kipimo. Bolti ya chuma ikikazwa hivyo ndani ya alumini, kinachong'oka ni alumini.

Nimeridhika sana na kazi yake. Bracketi ile inavutwa na mkanda na kutikiswa muda wote injini ikiwaka, na bolti haijalegea. Tena naamini thredi za sasa ni imara kuliko zile za kiwandani. Koili ni waya wa chuma kisichoshika kutu, na kwa nje ni pana kuliko bolti, kwa hiyo inashika alumini kwa eneo kubwa zaidi. Bolti nayo inasuguana na chuma, haitafuni tena alumini kila inapofunguliwa.

Ndani ya boksi mna biti ya drili ya milimita 8.3, tapu (kifaa cha kukatia thredi ndani ya tundu), kishikio cha kuingizia koili, panchi ndogo na koili zenyewe. Tapu hiyo si ya kawaida. Hatua yake, yaani umbali kati ya jino na jino, ni ileile ya milimita 1.25, ila ni nene zaidi ili koili ipate nafasi, kwa hiyo usidhani tapu ya M8 uliyo nayo nyumbani itafaa. Kasoro ya seti niliyonunua iko hapohapo kwenye tapu: ncha yake ni ya mchongoko. Kwenye tundu lililotoboka pande zote mbili hakuna tatizo, lakini tundu langu lina mwisho, na ncha ya namna hiyo inaacha thredi za chini zikiwa nusunusu. Ilibidi nitafute tapu ya ncha bapa ya kumalizia. Watengenezaji wangeiweka tu ndani ya boksi, kwa sababu matundu mengi ya kwenye injini ni ya aina hii.

Kazi yote iko kwenye kutoboa. Drili ikilala upande kidogo, bolti nayo italala, na hakuna koili itakayokuokoa. Mimi niliifunga bracketi kwa bolti nyingine zilizo nzima na kuitumia kama kiongozi, nikafunga utepe kwenye biti kuonyesha kina cha mwisho, nikatoboa polepole. Kwenye tapu nilitia mafuta ya taa, ambayo yanafaa sana kwa alumini, na kila nusu mzunguko nikairudisha nyuma kidogo ili kukata vumbi la alumini. Grisi ukiipaka kwenye mifereji ya tapu inalishika vumbi hilo. Baadaye safisha tundu kwa upepo, na vaa miwani, maana vipande vya alumini vinaruka hadi machoni.

Koili yenyewe inaingia kwa urahisi. Zungusha kishikio bila kukisukuma. Ukisukuma, koili inaruka thredi. Usikirudishe nyuma pia. Izamishe robo hadi nusu mzunguko chini ya uso wa tundu, kisha kata kimkia cha chini, kile kipande cha waya kinachoshikwa na kishikio, kwa pigo moja la panchi. Kimkia kile lazima kitoke. Kwenye tundu lenye mwisho nilikitoa kwa kijiti kilichopakwa grisi.

Sasa kuhusu tundu la plagi ya kuwashia moto injini. Watu wengi hununua koili za M14 kwa ajili hiyo, na mimi siwashauri. Plagi hufunguliwa mara kwa mara, na koili inaweza kutoka pamoja nayo. Pale ninapendelea bushi nzima ya chuma, kama ile ya Time-Sert, yenye ukingo juu unaoizuia isizame, na ambayo thredi zake za chini hutanuliwa na kifaa cha kuingizia hadi ikajifunga kwenye alumini. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini chenye matundu ya plagi, ni ghali kuliko hiyo bushi. Matundu ya bolti za silinda hedi nayo usiyatoboe kwa drili ya mkononi. Peleka bloku kwenye mashine.

Wakati wa kufunga, tumia spana yenye kipimo cha torki (nguvu ya kukazia) na ufuate namba za kitabu cha gari lako. M8 kwenye alumini mara nyingi huwa kati ya nyutonimita 20 na 25, na M6 ni karibu 10 tu. Ukipaka bolti mafuta, punguza, kwa sababu kipimo kilekile kitaivuta zaidi kuliko ikiwa kavu.