TAHADHARI: Runinga ya "4K" isiyo 4K, msiuziwe kama nilivyouziwa mimi

Ndugu zangu, kama kuna anayejiandaa kununua flatskrini, asome hapa kwanza kabla hajatoa pesa. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na akiba ya miezi mingi imekwenda hivi hivi naangalia. Bado nina uchungu, lakini ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu.

Runinga ni ya inchi 43, na kwenye boksi imeandikwa 4K kwa herufi kubwa za dhahabu. Dukani ilikuwa inaonyesha samaki wa kila rangi wakiogelea kwenye matumbawe, picha inawaka mpaka unatamani kuigusa. Sauti nzito, imejaa duka zima. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Kufika nyumbani, sauti ikawa ya redio iliyofungiwa ndani ya kopo. Nikadhani nimekosea mipangilio, nikahangaika na rimoti usiku kucha. Kesho yake nikarudi dukani, safari hii nikachungulia nyuma ya ile ya maonyesho. Waya mwembamba ulitoka kwenye tundu la sauti, ukapita chini ya kitambaa cha meza, ukaishia kwenye sabufa iliyofichwa humo. Kumbe siku ile sikuisikia sauti ya runinga kabisa!

Kwa hiyo mwambieni muuzaji achomoe kila kilichochomekwa nyuma, ubaki waya wa umeme na ule unaoleta picha. Halafu wekeni mtu anayezungumza, taarifa ya habari inatosha, maana muziki unaficha mengi. Spika za runinga nyembamba ni ndogo na nyingi zinaelekea chini, hivyo msitarajie mngurumo, ila maneno lazima yasikike vizuri. Pandisha sauti hadi mwisho, weka kiganja mgongoni mwa runinga. Ya kwangu mfuniko wake unatetema kama wa sufuria inayochemka. Na zile wati mia mbili, mia tatu za PMPO kwenye boksi, yaani kilele cha sauti cha kufumba na kufumbua, zisiwababaishe, ulizeni wati za RMS, yaani nguvu inayodumu.

Sasa picha, na hapa ndipo nilipolizwa hasa. 4K maana yake kioo kina pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 8. Fundi alipofungua yangu, akasoma namba iliyobandikwa kwenye kioo chenyewe ndani na kuitafuta, ikawa ni kioo cha 1920 kwa 1080. Pikseli milioni 2 na kidogo. Robo! Nilipomrudia muuzaji akanionyesha neno dogo pembeni ya ile 4K ya dhahabu, linalosema runinga "inakubali" 4K. Ni kweli inaikubali: inapokea picha ya 4K, kisha inaipunguza ienee kwenye kioo chake kidogo. Kupokea na kuonyesha ni vitu viwili tofauti, na wanajua wengi wetu hatulisomi neno lile.

Njia ya kuwakamata ni rahisi. Nendeni na laptopu yenu na waya wa HDMI. Pangeni picha itoke kwa 3840 kwa 2160, ukuzaji wa maandishi uwe asilimia 100, fungueni ukurasa wa herufi ndogo, kisha sogezeni uso karibu kabisa na kioo. Kwenye 4K halisi herufi "e" inaonekana na kijidirisha chake. Kwenye yangu kile kijidirisha kimezibwa, herufi imekuwa kama tone la wino. Lakini hakikisheni kwanza runinga haijakuzwa picha kwenye mipangilio yake, msije mkamsingizia mtu.

Msikubali flashi ya muuzaji iwe kipimo. Video ile imechaguliwa: rangi kali, mwendo wa polepole, hakuna maandishi wala giza. Na mwanga umepandishwa hadi mwisho. Bebeni flashi yenu yenye picha tatu tu, nyeupe tupu, nyeusi tupu na kijivu. Nyeupe ikielekea bluu au zambarau, hasa kwa madoa, huenda taa za nyuma ya kioo zimechoka, na huenda ni runinga ya zamani iliyovalishwa boksi jipya. Nyeusi itazameni taa za duka zikiwa zimezimwa, mtaona mwanga unaovuja pembeni na pikseli zilizokwama. Kijivu kinaonyesha michirizi na vivuli.

Matundu nayo msiyaamini kwa kuyahesabu tu. Yangu yana HDMI tatu, moja inalegea hata waya ukikaa sawa, na mbili zikipewa 4K zinatoa fremu 30 tu kwa sekunde, mshale wa kompyuta unajivuta. Chomekeni moja baada ya nyingine. Kama mna sabufa au spika ya nje, ulizeni ni tundu gani la HDMI lina ARC, yaani linalotoa sauti ya runinga kwenda kwenye spika ya nje, kwa kawaida ni moja tu.

Kosa langu kubwa lilikuwa risiti. Imeandikwa "TV inchi 43" basi, hivyo nilipodai haki yangu sikuwa na la kushika. Hakikisheni inaandikwa namba kamili ya modeli, pikseli za kioo na muda wa waranti, na namba ile ifanane penye boksi, mgongoni na ndani ya menyu. Muuzaji akikataa kuandika, ondokeni.

Juzi nimepita pale. Samaki wale wale wanaogelea, kitambaa kile kile kimefunika meza, na mama mmoja alikuwa anahesabu pesa. Nilimvuta pembeni nikamwonyesha ule waya.