Programu ya kupoza ujumbe: nyota nne, ya tano bado

Nafundisha darasa la tano hapa Makorora, Tanga, na ulimi wangu naujua. Wiki iliyopita, saa 4 usiku, mzazi mmoja alinitumia sauti ya dakika 3 WhatsApp: daftari la hesabu la mwanawe limepotea, basi mwalimu ni mzembe. Nikaandika jibu refu. Tena kali. Kabla ya kulituma nikalimwaga kwenye programu ya akili mnemba niliyowekewa na mpwa wangu, jina la mtoto nikalitoa, nikaiambia: lipoze.

Likarudi mistari minne. Limekiri kwamba daftari kupotea kunaudhi, likaeleza kuwa mara ya mwisho nililiona Jumanne, likamkaribisha mzazi shuleni saa 8 mchana. Yale ya "wewe mwenyewe kikao hukanyagi" yamefutwa yote. Roho iliniuma kidogo, mstari ule niliupenda.

Ila Kiswahili chake! "Natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa katika hali njema." Nani Tanga anaandika hivyo? Bibi mmoja anayelea mjukuu wake, mtu mzima wa miaka 70, ikamwanzia na "Habari". Shikamoo nikaiweka mwenyewe. Tena ilichomeka ahadi ya kumfundisha mtoto jioni, wakati sikuahidi chochote. Usitume bila kusoma.

Kwa mwalimu mwenzangu anayekwepa zamu ndiyo ilinifaa zaidi: "Naomba tukae tugawane siku upya." Akajibu palepale.

Bando inakula kidogo tu. Nyota ya tano naibakiza mpaka ijue kuamkia.