Fundi geti wa Mtwara kaniunganishia kamera mbili za filamu, nampa nyota nne

Wale wa picha za 3D kwa filamu (picha mbili, kila jicho na yake) njooni huku. Kuna fundi geti Mtwara mjini, ukiwa unatoka kwenda Mikindani, nilimpelekea SLR (kamera unayotazamia kupitia lenzi yenyewe) mbili kuukuu za aina moja, lenzi zote milimita 50, nikamwambia ziungane kitako kwa kitako. Mwanzoni alicheka sana. Ila ndo njia yenyewe, maana ukizipanga ubavu kwa ubavu lenzi zinaachana kama sentimita 14 wakati macho ya mtu yameachana 6.5 hivi, vitu vya karibu vinakuumiza kichwa tu. Kitako kwa kitako nimepata 8.5, picha zinatoka za wima na kitu cha karibu kabisa nakiacha mita mbili na nusu, hapo inakaa fresh.

Kazi yake safi. Bolti ya robo inchi kaikata kichwa, huku inaingia tundu la stendi la kamera hii na huku la ile, katikati bamba la aluminiamu na raba aliyochonga kwenye ndala, hazitikisiki hata kidogo. Ila cheki kwanza tundu la stendi kama liko chini ya lenzi kabisa, likiwa pembeni lenzi moja itapanda nyingine itashuka, ndo basi tena.

Filamu sasa, hapo ndo raha. Stereo Realist, kamera ya 3D ya Marekani ya 1947, fremu zake ni nyembamba, si kila studio inajua kuziskeni, hii yangu ni mikanda miwili ya kawaida ya milimita 35, leo HP5 (filamu ya nyeusi na nyeupe) kwa majumba ya zamani Mikindani, kesho ya rangi kwa Shangani, mradi zote mbili ziwe filamu moja.

Kero: batani nabonyeza kwa vidole viwili, nikawapiga watoto wanaruka majini, jicho la kushoto mtoto yuko hewani, la kulia keshazama 😂 natafuta waya wa kufyatulia wenye ncha mbili. Na batani ya kurudisha filamu iko chini kwenye kitako, inabidi ufungue bolti kila mkanda ukiisha. Nyota moja namkata kwa "njoo kesho" zake, kesho haziishi!

Kanichaji elfu 25. Ukienda toa filamu na ziba kamera na mfuko, pale grenda hailali na vumbi la chuma linaingia kila mahali.