Spika za masikioni za mamilioni na adapta ya dola 9

Mke wangu aliijua bei kwa bahati mbaya. Risiti ilikuwa ndani ya boksi, boksi lilikuwa juu ya kabati, na yeye alikuwa anatafuta mashuka ya wageni. Sennheiser IE 900, dola 1,299. Akapiga hesabu ya shilingi kwenye simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Neema, hii si bodaboda kabisa?" Sikumjibu. Ni bodaboda kweli, tena mpya, na hela ya mafuta inabaki.

Hakujua kwamba kwenye droo ya meza kulikuwa na nyingine, Campfire Audio Andromeda ya mtumba, ambayo shemeji yangu wa Muscat alinichukulia kwa mtu aliyekuwa anahama. Na mwaka huu, Ramadhani ilipoingia na bendi nyingi za hapa Dar zikapumzika, rafiki yangu anayepiga kinanda aliniachia 64 Audio U12t zake, anazovaa jukwaani, kwa sharti kwamba zirudi kabla ya shoo ya Idd. Kwa hiyo kwa karibu mwezi mzima nilikuwa na spika tatu za masikioni za watu wenye wazimu, pamoja na vyanzo vinne vya kuzichezea: adapta ndogo ya Apple ya Type-C ya kuchomekea hedifoni kwenye simu, Chord Mojo 2 (mtambo wa mfukoni wa kugeuza muziki wa dijitali kuwa sauti na kuupa nguvu), kipokezi cha Bluetooth cha kubana mfukoni, na tundu la hedifoni la laptop ya ofisini. Nilitaka kujua jambo moja tu. Ukishanunua spika ya bei hiyo, unalazimika kununua na mtambo wa bei hiyo?

Kwanza zenyewe. IE 900 ina kispika kimoja tu kila upande, cha utando, kipenyo milimita 7, ndani ya kiganda cha alumini kilichochongwa kutoka kipande kimoja. Ukiishika unaona mistari ya mashine iliyochonga. Andromeda ina vitano kila upande, si vya utando bali vya ulimi: kijiulimi cha chuma kinachotikiswa kati ya sumaku, kama vinavyotumika kwenye vifaa vya kusaidia watu wenye usikivu hafifu. U12t ina vispika kumi na viwili kila sikio, vyote vya aina hiyo ya ulimi, na ilitoka 2018 kwa dola 1,999. Inatengenezwa Vancouver, ile ya jimbo la Washington, Marekani, si ya Kanada.

Usidhani kumi na mbili ni bora kuliko moja. Nilidhani hivyo mimi.

Muziki wangu wa kupimia ni wa aina mbili. Kuna taarabu ya Unguja iliyorekodiwa vizuri, yenye kanuni, fidla na udi, ambapo kila chombo kina pa kukaa. Halafu kuna dansi la miaka ya 1970 lililorekodiwa studio za Redio Tanzania, mono, kwenye utepe, bendi nzima chumba kimoja. Hizi za pili ndizo zinazoumbua spika. Hakuna kulia wala kushoto, hakuna manukato ya studio, na kama spika inapamba unaisikia ikipamba.

IE 900 inapamba besi, na naipenda kwa hilo. Gitaa la besi linakuja na mwili wake, unasikia kidole kikiachia waya kabla noti haijajaa. Lakini mwimbaji anarudishwa nyuma hatua moja, kama yule anayeimba huku mtu mwingine amekaa mbele ya maikrofoni. Kwenye dansi nilizoea. Kwenye taarabu, ambapo maneno ndiyo biashara yenyewe, ilinikera.

U12t ilimrudisha mwimbaji mahali pake. Kanuni ilikuwa kama imemwagwa juu ya meza, kila waya naweza kuuhesabu, na bado haikunichoma. Besi yake inashuka chini sana kwa spika ya ulimi, ila haina ule upepo wa kispika cha utando. Unaisikia zaidi ya unavyoihisi. Pia inaziba kelele vizuri mno. Inakuja na vijipuli vinavyopunguza mgandamizo sikioni, kimoja cha kuzuia desibeli 20 na kingine 15. Nikiwa na kile cha 20 ndani ya mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni, mtu angenipigia kelele bure. IE 900 kwenye basi lile lile inaruhusu injini iingie, nami najikuta naongeza sauti, jambo ambalo si zuri kwa masikio ya mtu wa miaka 43.

Andromeda nitaifikia. Hiyo ina kisa chake.

Kabla ya vyanzo, niseme habari ya vimpira vya nchani vinavyoingia sikioni, maana hapa nilipoteza miezi. Sikio langu la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Sikuwahi kujua, nani anapima masikio yake? Nilikuwa naweka vimpira vya kati pande zote, kushoto kukawa kunavuja, besi ikawa nyembamba upande mmoja, nikailaumu waya, nikailaumu programu, nikalaumu na waliorekodi. Siku niliyoweka kikubwa kushoto na cha kati kulia, bendi nzima ilihamia katikati ya kichwa. Sponji zinaziba vizuri kuliko silikoni lakini kwa joto la Dar zinalowa jasho na kuchakaa haraka. Nabaki na silikoni, na usiku spika zinalala kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Hakuna mtambo wa dola elfu moja uliowahi kunipa mabadiliko makubwa kama kile kimpira.

Sasa vyanzo. Adapta ya Apple ni dola 9 Marekani, kama elfu ishirini na kitu. Aliniletea mtu, na nilimwagiza asome yale maandishi madogo kama mchwa: A2049 ndiyo ya Marekani, inatoa takriban volti 1, A2155 ni ya Ulaya na imebanwa kwenye nusu yake. Kwa spika kama IE 900 hata hiyo nusu inatosha. Sennheiser wanasema inatoa desibeli 123 kwa volti 1, kwa hiyo ukigawa volti kwa mbili unabaki na 117, na hakuna mtu mwenye akili anayesikiliza hapo. Tatizo la adapta hii ni simu za Android: kwenye simu nyingi sauti inatoka kiduchu, kwa sababu simu inashindwa kufungua sauti ya ndani ya adapta yenyewe. Nilinunua programu ya USB Audio Player PRO, inayoishika adapta moja kwa moja, na tatizo likaisha.

Mojo 2 ni mambo mengine. Imetengenezwa Uingereza, ilitoka 2022 kwa pauni 449, ina uzito wa kipande cha sabuni ya kufulia, na vitufe vyake ni gololi za rangi zinazozunguka. Neema, mwenye miaka sita, anaipenda kuliko mimi. Inapata joto mfukoni. Nilipoichomeka IE 900 kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari kuapa kwamba nimesikia nafasi zaidi, giza zaidi kati ya vyombo, na hayo maneno yote tunayoandikiana sisi wagonjwa wa sauti.

Halafu nikafanya kosa la kupima. Sauti ikizidi hata kwa desibeli moja, sikio linaiita nzuri, kwa hiyo lazima vyanzo viwe sawa kwanza. Fundi umeme wa mtaani kwetu aliniazima mita inayosoma milivolti za AC (zile za bei chee hazifiki huko), nikakata waya wa spika chakavu nikapata ncha za kupimia, nikacheza mlio wa hezi 100, nikasawazisha adapta na Mojo mpaka mita ikasoma namba ile ile. Mke wangu akakaa nyuma yangu akibadilisha pini, mimi nimefumba macho. "Tayari," anasema, nami nataja. Mara 20. Nilipata 11. Kurusha shilingi kungenipa hizo hizo. Naye, bila huruma: "Kwa hiyo hiyo nyeusi tunaiuza?"

Na Andromeda? Hapo nilishindanisha adapta na tundu la laptop ya ofisini, mara 10. Nilipata zote 10, na kadhaa nilijibu kabla muziki haujaanza. Ni mchirizo wa laptop. Andromeda ni nyepesi kusikia kupita kiasi, na amplifaya yoyote yenye kelele ndogo ya ndani inaifichua: shiiii, kama mvua ya mbali juu ya bati. Mwanzo nilidhani ni utepe wa zile rekodi za dansi, maana nazo zina shiii yake. Njia ya kutofautisha ni rahisi: simamisha wimbo. Shiii ya utepe inanyamaza pamoja na bendi. Ya mtambo inabaki.

Lakini mchirizo ulikuwa nusu ya kisa. Hata muziki ulipopanda na kuufunika, uwiano wa gitaa la besi na kayamba haukuwa ule wa kwenye adapta. Ilikuwa kama spika nyingine kabisa. Sababu yake nimeielewa kwa bomba la maji. Ukiwa na simtanki juu na bomba nene linaloshuka, mtu wa jikoni akifungua maji yeye wa bafuni hajui. Bomba likiwa jembamba, wa jikoni akifungua, wa bafuni anabaki na sabuni machoni. Ukinzani wa ndani wa chanzo ndio wembamba wa bomba. Spika yenye vispika vingi vya ulimi haina ukinzani mmoja. Andromeda inaandikwa omu 12.8, lakini hiyo ni namba ya sehemu moja tu, kwingine inapanda na kushuka kufuatana na noti. Chanzo chenye ukinzani mkubwa kinapunguza volti pale ukinzani wa spika unaposhuka, na umbo la sauti linageuka. Adapta ya Apple ina chini kidogo ya omu 1, Mojo 2 ni 0.06. Kanuni ya mafundi ni kwamba spika izidi chanzo angalau mara nane. Ile laptop sikuipima, lakini masikio yalinitosha.

IE 900, kwa kuwa ni kispika kimoja cha utando, ukinzani wake umetulia kwenye omu 16 hivi, ndiyo maana haijali sana umeichomeka wapi. U12t nayo haijali, ila yenyewe kwa kuundwa: 64 Audio wameweka sakiti ya kunyoosha ukinzani, makusudi kabisa, kwa sababu mwanamuziki wa jukwaani anachomeka mahali popote alipopewa. Niliijaribu kwenye laptop ile ile, na mwimbaji hakuhama.

Aibu yangu moja. U12t inatumia waya wa pini mbili, na waya wa pili niliokuwa nao haukuwa na alama ya juu na chini. Niliuchomeka upande wa kulia kichwa chini. Besi ikatoweka, mwimbaji akatawanyika kama amemeza maji, na kwa siku mbili niliamini adapta imeshindwa kubeba vispika ishirini na vinne. Nilikuwa karibu kuandika hivyo hapa. Upande mmoja ulikuwa unasukuma wakati mwingine unavuta, basi.

Kuhusu Bluetooth sina mengi. LDAC, njia ya Sony ya kurusha muziki kwa Bluetooth, ikipanda kilobiti 990 kwa sekunde sisikii tofauti na waya nikiwa natembea, lakini penye watu wengi inashuka ngazi au inakatika. Miziki isiyobanwa nayo inameza bando, hivyo napakua nyumbani usiku.

Kama una Mojo 2 tayari, ina jambo moja ninaloliheshimu: unaweza kuinua au kushusha sehemu za sauti kwa gololi zile zile. Nilipoinua kidogo karibu na kilohezi 3, mwimbaji wa taarabu alisogea mbele kwenye IE 900, na nikaacha kuililia U12t. Baadaye nilifanya hivyo hivyo kwa ikolaiza ya programu ya simu.

Jumapili kabla ya kurudisha U12t, mjomba alikuja. Alipiga besi kwenye bendi ya kiwanda miaka ile, vidole vyake bado vina sugu. Shikamoo, marahaba, chai, kisha nikamvisha IE 900 nikamwekea dansi la zamani. Alifumba macho. Mkono wa kushoto ukaanza kutafuta noti kwenye goti. Wimbo ulipofika kwenye chemko akasema kwa sauti kubwa, kama watu wote waliovaa spika, "Huyu alikuwa anatumia kidole gumba! Miaka yote nilikuwa nabishana nao!"

Alipozivua alizitazama kiganjani, zilivyo ndogo, na kale kawaya keupe ka adapta kananing'inia.

"Mjomba," akaniuliza, "kitu hiki bei gani?"

Mke wangu aliniangalia kutoka jikoni. Nikamtajia mjomba bei ya adapta.