Nilinunua deizi, nikaulizwa kama nafuga vyura

Naandika hasira zikiwa bado za moto, ingawa mambo yenyewe yamepita miezi kadhaa. Mke wangu anasema niachane nayo, maua ni maua tu. Siachani nayo. Mtu ukichekwa mbele za watu na hela yako imeshaliwa, una haki ya kusema.

Ni kitalu cha miche, kando ya barabara, huku upande wa Nzuguni. Jina silitaji, sitafuti kesi. Nitasema tu kwamba kina wateja wengi, na siku ile ni kama wote walikuwepo.

Sisi tulikuja Dodoma na ofisi, kama nusu ya mtaa wetu. Tukajenga, tukahamia nyumba haijapigwa rangi, na mbele ya nyumba palikuwa kifusi na vumbi. Mimi nimekulia pwani, ambako ukitema kokwa ya embe uani, ukikaa vibaya unakuta mti. Hapa mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili ikijitahidi, halafu mbingu inafungwa kama duka la mtu aliyefiwa mpaka Novemba huko. Kupanda ua Dodoma ni kutafuta ugomvi. Lakini mama watoto aliona deizi nyeupe getini kwa mtu kule Area C, zile zenye moyo wa njano kama kiini cha yai, akasimamisha bajaji ashuke aziangalie. Mwanamke aliyekuvumilia wakati wote wa ujenzi akisimamisha bajaji kwa ajili ya ua, unanunua ua.

Nikaenda kitaluni jioni moja nikitoka kazini. Mwenyewe hakuwepo, alikuwepo kijana, waya za simu masikioni. Kiriba kimoja shilingi 3,500. Nikachukua kumi na mbili, 42,000, na sikuomba hata punguzo. Miche ilikuwa mizuri, hilo nakiri: majani ya kijani kizito, marefu, yenye meno meno pembeni. Nikamuuliza, maji vipi? Hakutoa hata waya mmoja sikioni.

"Asubuhi na jioni, bosi. Haya maua ni walevi."

Neno hilo, walevi, nimelitunza mpaka leo maana ndilo ushahidi wangu wote.

Nyumbani nilikuwa nimejiandaa. Fundi alishanijengea sehemu ya maua mbele ya baraza, tofali kuzunguka pande zote, akapiga na plasta ndani na nje mpaka ikang'aa. Nikajaza ule udongo mwekundu uliotoka kwenye msingi, nikachanganya magunia mawili ya samadi ya ng'ombe kutoka kwa jirani mfugaji. Nikapanda kwa mstari, kamba nikaivuta kabisa. Walevi wangu nikawahudumia asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi. Mtaani kwetu maji ni ya mgao, kwa hiyo tenki lilipokauka nikaita boza. Rudia sentensi hiyo taratibu: nililipia boza la maji ili maua yanywe.

Wiki ya pili, mchana, majani yakaanza kulegea. Nikasema kiu hiyo. Nikaongeza ndoo. Yakalegea zaidi, nikaongeza nyingine ya saa nane mchana, jua likiwa utosini. Shina moja likalala kama mtu aliyezimia, kesho yake mawili, kufikia Jumapili nilikuwa nimebakiwa na mitatu inayosimama, nayo ilisimama kwa kuegemeana.

Hapo nikajua nimeuziwa miche mibovu. Nikang'oa minne, nikaitia kwenye ndoo, nikapanda bodaboda nimeipakata kama mgonjwa.

Safari hii mwenye kitalu alikuwepo. Mama mtu mzima, kanga kiunoni, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Nilimsalimia vizuri, shikamoo mama, akaitikia marahaba baba yangu, karibu, kwa uso mkunjufu kabisa. Kisha akachungulia ndoo.

"Haya maua yalikukosea nini?"

Nikaanza kueleza. Hakusikiliza. Alichukua mche mmoja, akaugeuza mizizi juu, akaubana kwa vidole viwili na kuvuta. Ngozi ya mzizi ilitoka yote kama soksi, ikabaki nyuzi nyeusi. Akazisugua, zikawa uji mkononi mwake. Halafu, na hapa ndipo damu yangu ilipochemka, akaninyoshea kidole chake puani. "Nusa." Mimi, mtu wa miaka arobaini na tisa, mwenye wajukuu njiani, nikanusa. Ilinuka mtaro.

"Baba, wewe ulikuwa unapanda maua au ulikuwa unafuga vyura?"

Walicheka wote. Alicheka dada aliyekuja kununua michongoma, alicheka dereva wa bodaboda wangu, ambaye nilikuwa namlipa kusubiri. Na kijana wa waya masikioni alikuwa amesimama pale pale na mpira wa maji, anacheka kuliko wote.

Nikamwonyesha kidole. Nikasema huyu hapa ndiye aliyeniambia asubuhi na jioni, akasema ni walevi. Kijana akamwangalia mama yake wa kazi, macho makavu: "Mimi sijasema hivyo. Nilisema amwagie akiona udongo umekauka." Uongo mchana kweupe! Na mama akapokea uongo ule kama risiti. Akaniambia deizi haipendi miguu yake ikae majini, mzizi ukioza hauwezi tena kuvuta maji, ndiyo maana jani linalegea kama lina kiu, na wewe ukiongeza maji unammalizia. Akauliza nimepanda wapi. Nikamwambia kuhusu tofali na plasta. Akauliza maji yanatokea wapi. Nikanyamaza.

"Umejenga bwawa," akasema, akawageukia wateja. "Kajenga bwawa huyu."

Sawa. Bwawa. Lakini hebu niulize na mimi: hilo swali la nimepanda wapi, kwa nini linaulizwa baada ya mazishi? Duka la dawa ukinunua dawa ya mtoto unaulizwa ana umri gani. Hapa unalipa 42,000 na hakuna anayekuuliza udongo wako ni kichanga au ni ule mwekundu unaoshikana kama tofali, kuna mteremko au hakuna, jua linapiga upande gani. Wanachouliza ni una chenji. Kwa hilo peke yake, nyota sifuri, na kama kungekuwa na chini ya sifuri ningeshuka.

Nikageuka niondoke. Kumbe yule mama bado. Akaenda nyuma ya kibanda, kwenye kichaka kikubwa cha deizi kilichozeeka, akakichomoa chote na jembe, akakishika kwa mikono miwili na kukipasua katikati kama mtu anayegawa mkate. Kilitoa mlio. Nusu akairudisha shimoni, akaikanyaga pembeni kwa kisigino, ile nyingine akaitumbukiza kwenye mfuko wa sembe na kunirushia kwenye ndoo yangu.

"Chukua, usilipe. Kaue na hiki."

Nilitaka kumwachia. Wallahi nilitaka kumwachia. Ni dereva wa bodaboda aliyebeba ndoo.

Usiku ule sikulala vizuri, nikaingia kwenye simu kutafuta ushahidi dhidi yake. Nikapata dhidi yangu. Nilisoma kwamba hizi deizi kubwa zinaitwa Shasta, na zilitengenezwa na bwana mmoja wa California, Luther Burbank, aliyechanganya deizi za Ulaya na ya Japani kwa miaka mingi mpaka akazitoa mwaka 1901, akazipa jina la mlima wenye theluji. Theluji, jamani, na mimi nimezileta Nzuguni. Nikasoma pia kwamba kile kiini cha njano si kitu kimoja bali ni mamia ya vimaua vidogo vilivyobanana, na kila jani jeupe la pembeni nalo ni ua linalojitegemea, sawasawa na kichwa cha alizeti, kwa sababu deizi na alizeti ni ukoo mmoja. Hapo nilizima simu. Nimepita mashamba ya alizeti Kongwa mara ngapi? Nimewahi kuona mkulima wa Kongwa anamwagilia alizeti asubuhi na jioni?

Kile kichaka cha bure sikukipanda kwenye tofali. Nilikipanda kwa hasira, nasema ukweli, juu ya lile rundo la mchanga na kokoto alilotuachia fundi kando ya tenki, mahali ambapo hakuna kitu kinachoota isipokuwa kishona nguo. Nikaweka samadi koleo moja tu. Nikajiambia kife hapo, nikimpelekea mizoga yake ya pili sitasalimia. Nilikimwagia siku ya kwanza, na baada ya hapo nilichomeka kidole udongoni: kikitoka kikavu mpaka pingili ya pili, namwaga kopo moja chini kwenye shina, kikitoka na unyevu, naondoka zangu. Ikawa kila baada ya siku tatu, nne. Mchana wa jua kali tenki linakitupia kivuli, jambo ambalo sikulipanga na sitajisifia.

Baridi ya Juni ikaja, nacho kimekaa tu, kimejikunja kama kinafikiri. Baadaye upepo ulipoanza, ule wa kwetu unaokuletea mchanga mpaka kwenye chai, nikaona vishina vimepanda, kila kimoja na kitufe cha kijani juu. Mke wangu alivihesabu akafika kumi na saba. Asubuhi moja, sijui mwezi wa nane au wa tisa, nikatoka kupiga mswaki nikakuta limoja limefunguka. Jeupe la shati la shule siku ya kufungua. Nilisimama na mswaki mdomoni mpaka povu likanidondokea kifuani.

Kwa hiyo nyota ngapi? Maua yenyewe, tano, sina ubishi. Ukikata kila ua linalonyauka, chini kidogo hapo shina linapoachana, yanatoka mengine. Nimekata kwa mkasi wa mtoto wa shule wiki baada ya wiki na bado yanakuja. Vidukari vilivamia vikonyo mara moja, nikavisukuma kwa maji ya sabuni. Upepo unayalaza, nimeyafungia vijiti. Hiyo ndiyo kazi yote, na mtu angeniambia hivyo siku ya kwanza, ndani ya dakika mbili, tungekuwa ndugu.

Huduma ya kitalu, nilisema sifuri. Kile kichaka cha bure kinanilazimisha nipandishe, nitasema mbili. Pengine tatu, kwa sababu nimefuatilia bei za kwingine mjini na miche ya kwake ni minene zaidi, na kiukweli hakuna mwingine aliyewahi kunieleza jambo la mizizi nikaelewa mpaka leo. Tatu basi. Lakini kila nikifika kwenye tatu nakikumbuka kile kidole puani, na yule kijana na macho yake makavu, nashuka tena mpaka moja. Kijana huyo bado yupo. Juzi nilipita kwenye daladala nikamwona anamuuzia mzee mmoja miche, waya masikioni, na mkono wake ukifanya ishara ya kumwagilia. Nilitaka kumwambia konda ashushe.

Zile tofali nimezivunja upande mmoja, nimetoboa matundu, nimetoa nusu ya udongo na kutia mchanga na kokoto. Mama watoto anataka kile kichaka kikimaliza mwaka wake wa pili tukipasue na sisi, tujaze pale mbele. Nimemwambia tutaona. Kupasua nimeona kunavyofanywa.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama mmoja mpole sana, alisimama getini wiki iliyopita akashika kifua kwa uzuri. Akauliza, baba, haya mmeyapata kitalu gani, na mimi nikapande?

Nikamwambia nimeyatoa Iringa.