Project Outcome: dodoso la bure la kumsaidia mkutubi kuisemea maktaba ya chuo

Msimu wa bajeti ukikaribia, hakosi mjumbe wa kamati ya fedha atakayeuliza kama maktaba bado ina kazi, maana siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Huwa si mtu mbaya. Mara nyingi ni mhadhiri anayefungua majarida yake akiwa ofisini, bila nywila wala malipo, akidhani ndivyo intaneti ilivyo. Hajui kwamba mchapishaji anaitambua anwani ya mtandao wa chuo kwa sababu sisi tumelipia usajili. Kadiri tunavyoifanya kazi hii vizuri, ndivyo tunavyozidi kutoonekana. Nilianza kutumia Project Outcome nikitafuta jibu la kumpa mjumbe huyo, na haya ni maoni yangu kwa wakutubi wenzangu wa vyuo.

Ni huduma ya mtandaoni ya ACRL, jumuiya ya maktaba za vyuo na za utafiti iliyo ndani ya Chama cha Maktaba cha Marekani. Ilianzia kwa wenzao wa maktaba za umma mwaka 2015, kisha toleo la vyuo likatoka 2019. Haina malipo. Unajisajili, unachagua dodoso lililokwisha kuandaliwa, unaligawa kwa kiungo au kwa karatasi, na majibu yanakuja yamepangwa kwenye chati na ripoti. Kuna madodoso ya mafundisho, matukio, msaada wa utafiti, msaada kwa wahadhiri, makusanyo maalumu na ya kidijitali, nafasi ya kusomea, na teknolojia.

Uzuri wake uko kwenye aina ya maswali. Takwimu tulizozoea kupeleka vikaoni ni za shughuli: watu waliopita mlangoni, vitabu vilivyoazimwa, vipindi tulivyofundisha. Mjumbe akisikia watu ni wengi anatupongeza, kisha anapunguza fungu la hifadhidata za majarida. Dodoso hili linamuuliza mwanafunzi kimebadilika nini kwake: amejifunza jambo jipya? Anajiamini zaidi kuifanya kazi aliyopewa darasani? Ana nia ya kutumia alichojifunza? Anazijua zaidi huduma za maktaba? Anajibu kwa kukubali au kukataa, ngazi 5, halafu yanafuata maswali ya wazi kuhusu alichokipenda na nini maktaba imfanyie ili afaulu.

Chati nazipitia haraka. Muda wangu wote unaishia kwenye majibu ya wazi. Nikifundisha wanafunzi wa uuguzi kutafuta makala, nagawa karatasi kabla hawajafunga mabegi, kwa kuwa kiungo kikitumwa jioni wengi hawakigusi. Wengine huandika "asante" tu, wengine kwamba kipindi kilikuwa kirefu (na kweli huwa kirefu). Lakini katika kundi moja, karatasi kadhaa zilitaja jambo ambalo hakuna aliyewahi kulileta kaunta: wanatoka mafunzo ya vitendo wodini jioni, wakifika wanakuta tunafunga, na wakiwa nyumbani makala hazifunguki kwa sababu hawakuwahi kuonyeshwa namna ya kuingia wakiwa nje ya chuo. Hilo la kuingia tulilimaliza wenyewe. La saa za kufunga lilihitaji fedha za zamu.

Sikulipeleka mimi. Nilimpa mkuu wa idara ya uuguzi maneno ya wanafunzi wake, bila majina, nikamwachia. Kikaoni alisimama yeye, akaliunganisha na mitihani ya mwisho na wanafunzi wanaoishia njiani, mambo ambayo mkuu wa chuo huyasikiliza hata akiwa amechoka. Mkutubi akiomba fedha za maktaba, wajumbe huona anavutia kwake. Mkuu wa idara akiomba maktaba ifunguliwe usiku kwa ajili ya wauguzi, wanachukua kalamu. Tulipewa saa za jioni kwa kipindi cha mitihani, si muhula mzima tuliouomba.

Sasa upungufu. Dodoso linapima anachosema mtu kuhusu nafsi yake. Mwanafunzi anaweza kutoka kwenye kipindi akijiamini kabisa, na wiki inayofuata akawasilisha marejeo yaliyovurugika. Lipo dodoso la kufuatilia baada ya wiki kadhaa, nalo ndilo lenye uzito zaidi, ila kuwapata watu wale wale tena ni shughuli. Zaidi ya hapo, wasiofika kwetu hawaulizwi kabisa, na pengine hao ndio wenye la kutuambia. Makundi ya kulinganishia vyuo pia yanafuata mpangilio wa vyuo vya Marekani. Ukiwa kwingine, sehemu hiyo haikupi kikubwa.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nisitumie LibQUAL+. Ni dodoso jingine kabisa, la kupima ubora wa huduma za maktaba, la kulipia, lenye maswali 22 ya msingi, na kila swali linataka majibu matatu: kiwango cha chini unachoweza kuvumilia, unachotamani, na unachokiona sasa. Mwanafunzi huchoka nalo. Hata hivyo, huduma ikionekana kushuka chini ya kile watu wanachoweza kuvumilia, hiyo ni hoja ambayo mkuu wa chuo hawezi kuikwepa kirahisi. Lafaa mara moja baada ya miaka kadhaa, kwa maktaba nzima. Project Outcome ni ya kila muhula.

Na kwa usajili wa majarida, vyote viwili havitoshi. Hapo unahitaji ripoti za matumizi za COUNTER (kiwango wanachofuata wachapishaji kuhesabu matumizi ya majarida ya mtandaoni), ugawe gharama kwa idadi ya makala zilizofunguliwa, ulinganishe na gharama ya kuziazima kutoka maktaba nyingine. Angalia tu usije ukaiponza idara ndogo yenye wasomaji wachache.

Ukijisajili, anza na dodoso la mafundisho. Kabla ya kuchapa hata karatasi moja, soma mpango mkakati wa chuo chako. Kama mpango huo unataka kupunguza wanaoacha masomo, nenda kwenye kozi wanazoziacha. Dodoso la matukio laweza kusubiri mpaka upate mtu wa kuyasoma majibu.