Kuotesha tawi: majini au mchangani?

Kwa mforosadi, mzabibu au mkomamanga hapa Kisumu, mimi nachagua mchanga. Maji yanapendeza, kweli: unaiona mizizi ikichomoza ndani ya glasi, na kwa mnanaa au mrehani yanafaa sana. Lakini kwa joto letu maji huanza kunuka upesi, na mizizi ya majini ni laini. Ukiihamishia udongoni hukatika kwa urahisi.

Mchangani utangoja bila kuona kitu. Kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hivi, chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapochomozea. Zika nusu, weka kivulini, mchanga uwe na unyevu tu. Tafadhali usilivute kuchungulia mizizi! Ovakado usihangaike nayo kwa njia hizi; tawi lake huunganishwa juu ya mche uliooteshwa kwa kokwa.